Malapa Mdomoni mwa Duara

Kambini, Geita
12 Februari 2019

Mdogo wangu Zipora,

Marahaba. Barua yako nimeletewa na Bartholomeo wa lori la magogo, imelowa mafuta ya taa lakini inasomeka. Unauliza kwa nini sipigi simu. Kambi yetu iko bondeni. Mtandao unapatikana kilimani tu, na kilimani kuna foleni, na wote walio kwenye foleni wanasikiliza. Juzi Mwita, mchimbaji mwenzangu, aliongea na mke wake aliyeko Tarime, mpaka jioni kambi nzima ilikuwa inamwita "mpenzi wangu wa moyo". Kwa hiyo naandika. Mwandiko ni wa darasa la sita, uuvumilie.

Unataka kujua kazi yetu inavyokwenda ili utengeneze gemu ya simu. Nilicheka. Mtu mzima atakaa kitini achimbe kwa kidole? Lakini kuna sentensi moja sikuicheka. Umesema gemu ikisimama, utanitoa duarani. Nina miaka kumi na moja shimoni, Zipora. Kwa ajili ya sentensi hiyo nitajibu maswali yako yote, hata ya kijinga.

Duara ni shimo letu. Linakwenda chini futi mia na themanini, halafu linapinda kuufuata mwamba. Kuta tumezizuia kwa magogo tunayoyaita matimba, na kushuka ni kwa kukanyaga matimba hayo, miguu peku. Ukishuka na malapa utateleza, utamwangukia mwenzako. Kwa hiyo kila anayeshuka anavua malapa mdomoni mwa duara na kuyapanga, visigino vikitazama shimo, vidole vikitazama kambi, ili akitoka ayaingie tu na kuondoka.

Juu anabaki Deusdedit, mtu wa winchi, anayevuta mifuko ya mawe. Umeuliza anajuaje nani yuko chini. Hahesabu watu, maana watu wanaitikia kwa niaba ya wenzao na wengine wanatoka bila kuaga. Anahesabu malapa. Jioni haondoki mpaka jozi ya mwisho ivaliwe, hata mwenye duara amfokee. Mwaka juzi ilibaki jozi moja, ya Ngassa. Tulisema amekwenda zake peku, ndiyo tabia yake. Deusdedit alikataa. Alishuka mwenyewe akamkuta Ngassa amekaa kwenye kona isiyo na hewa, macho yamegeuka. Sasa Ngassa anachunga ng'ombe kwao, na kila mwaka anamletea Deusdedit kuku.

Malapa yangu utayajua. La kulia ni la bluu, la kushoto la kijani. Wenzake walikatika kwa nyakati tofauti.

Msalimie mayu, mama yetu. Mwambie kifua kimepona.

Kaka yako,
Masalu

*

Kambarage, Shinyanga
30 Agosti 2019

Kaka Masalu, shikamoo.

Gemu imetoka! Inaitwa Duara. Tumeitengeneza mimi na Luka, yule niliyesoma naye chuo Mwanza, katika chumba cha nyuma ya saluni ya Dorah. Akiwasha mashine za kukaushia nywele, kompyuta zetu zinazima. Tumejifunza kufanya kazi wateja wake wakiwa wanasukwa.

Luka alitaka mwenye dhahabu nyingi ndiye ashinde, kama gemu zote. Nilimsomea barua yako mara mbili. Akafuta kazi ya wiki tatu. Sasa mchezaji ni mtu wa winchi. Anashusha watu, anavuta mawe, na pale mdomoni kuna safu ya malapa. Unaweza kupata dhahabu ya kujaza debe, lakini kama jozi moja imebaki, kitufe cha kwenda nyumbani hakifunguki. Jua linazama, mvua inaanza, na wewe uko pale na jozi ile. Lazima umtafute mwenyewe. Kuna jozi moja ya bluu na kijani. Watu wanaipenda kuliko zote.

Kaka, watu wanacheza. Walianza wa hapa, sasa wamo wa Kenya na wa Bujumbura. Kampuni tumeiandikisha kwa jina Igembe. Mayu amecheka mpaka akakaa chini. "Igembe gani hilo lisilolima?" Nimemwambia jembe hili linalima kwenye simu. Akasema basi limlimie mahindi.

Kuna vijana wawili wa Kahama wameleta gemu yao ya kuchunga ng'ombe, fisi anakuja unampigia filimbi. Wameomba tuitoe sisi, kwa jina letu. Tumekubali. Kwa hiyo hatutengenezi zetu tu, tunatoa na za wengine.

Nipe mwaka mmoja. Utakuja kukaa ofisini, kazi yako iwe kutuambia tulipokosea. Usiache kuandika. Kila barua yako ninaihifadhi kwenye faili.

Mdogo wako,
Zipora

*

Kambini, Geita
17 Januari 2020

Mdogo wangu Zipora,

Marahaba. Mama Loveness anayetupikia alikwenda Geita mjini akarudi na gemu yako kwenye simu yake. Siku hiyo ugali uliungua. Watu wazima kumi na wawili wamezunguka simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Mwita aliponiona mle alipiga kelele: "Masalu huyo! Lakini kwenye simu umenenepa, huku nje vipi?" Akataka kujua yeye yuko wapi. Tukamtafutia jozi nyekundu, akasema hapana, miguu yake ni mizuri kuliko ile. Akaniambia nikuandikie umtengeneze upya, awe mrefu, na awe na mke anayepokea simu.

Deusdedit naye alicheza. Zipora, mtu huyu ana miaka sita kwenye winchi hajapoteza mtu, lakini kwenye gemu alimpoteza mtu wa tatu tu kushuka. Kambi ilimzomea. Akarudisha simu. "Hiyo winchi haina uzito, ndiyo maana," akasema. Kesho yake nilimwona amejificha nyuma ya jiko anacheza tena. Alipowatoa wote alikuja kunionyesha safu tupu.

Umelifanya sawasawa. Mimi si mtu wa kusifu, unanijua. Nilipoona kile kitufe kinakataa, niligeuka nikatazama mdomo wa duara letu.

Mwaka uliosema unaisha Agosti. Sikusukumi. Ila asubuhi siku hizi matimba ya juu nayakanyaga polepole, na wanaonifuata wanasubiri.

Masalu

*

Kambarage, Shinyanga
5 Juni 2021

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa ukimya. Mambo yamekuwa mengi, na mengi ni mazuri.

Tumehama nyuma ya saluni. Tuna vyumba vinne ghorofani, watu kumi na mmoja, gemu saba. Ile ya ng'ombe imetafsiriwa Kifaransa. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam, inaitwa Taa Kubwa, imenunua sehemu ya Igembe. Sehemu kubwa kidogo. Lakini hakuna kilichobadilika. Mimi bado ni meneja, Luka bado ni fundi mkuu, na jina la Igembe bado liko mlangoni. Walikuja na wanasheria wawili, watu wazuri sana, wakala wali kwa mayu na kumsifu.

Kuna karatasi nimeifunga humu. Wanasheria waliona faili la barua zako wakasema gemu imetoka kwenye barua hizo, basi lazima ijulikane ni za nani, kampuni isije ikashtakiwa. Ni jambo la kawaida, hakuna kilichobadilika. Weka sahihi pale nilipochora msalaba kwa penseli, umpe Bartholomeo airudishe.

Kuhusu kuja kwako, nimelifikisha Dar. Ajira mpya zote sasa zinapitishwa huko. Wameomba cheti cha kidato cha nne. Nimewaambia wewe ni mtu wa aina nyingine, wanaliangalia. Subiri kidogo tu. Kwetu sisi hakuna kilichobadilika.

Zipora

*

Kambini, Geita
28 Juni 2021

Zipora,

Nimeweka sahihi. Kabla ya kuweka niliisoma mara mbili, na Suzana wa dukani akanisomea mara ya tatu maana Kiswahili chake cha mahakamani ni kizuri. Inasema barua zote nilizokuandikia wewe Zipora, na zote nitakazokuandikia wewe Zipora, ni mali ya kampuni na ya yeyote atakayeimiliki kampuni. Suzana aliuliza, "Na ukimwandikia dada yako kwamba una njaa, njaa ni ya nani?" Tukacheka.

Nimeweka kwa sababu ni wewe uliyeniomba. Lakini umeandika "hakuna kilichobadilika" mara tatu kwenye karatasi moja. Mwenye duara huku naye akija kutuambia hakuna tatizo mara tatu, tunakwenda kukagua matimba.

Cheti sina, unajua sababu. Tulikuwa wawili, ng'ombe wa kuuza alikuwa mmoja. Sijutii. Sitaki tu uniambie subiri kidogo kama huoni mwisho wake. Niambie subiri sana, nijipange.

Masalu

*

Kambini, Geita
9 Machi 2022

Zipora,

Huu ni mwezi wa tisa hujajibu, lakini leo siandiki kulalamika.

Mama Loveness alikwenda mjini, simu yake ikachukua toleo jipya la gemu. Deusdedit ameniletea mpaka kitandani, nilikuwa nimelala kidogo kwa ajili ya mafua. Alikuwa na jozi moja imebaki, mvua imeanza. Kikatokea kiboksi cha rangi ya dhahabu: lipa, uende nyumbani. Mama Loveness, aliyekuwa amefuata simu yake, akakibonyeza kwa bahati mbaya, mtandao usioshika bondeni siku hiyo ukashika, salio lake likaondoka, na yale malapa yakafutika. Yakafutika hivihivi. Kitufe kikafunguka, na muziki ukapigwa.

Deusdedit alinigeuzia kioo cha simu. Akaniuliza, "Sasa huyu mtu nani kamtoa?"

Nauliza kwako. Yalikuwa ya bluu na kijani.

Masalu

*

Kambarage, Shinyanga
2 Juni 2022

Kaka Masalu, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Nakuambia sasa yote.

Taa Kubwa haikununua sehemu kubwa kidogo. Ilinunua karibu yote. Nilisaini kwa sababu kampuni nyingine zilikuwa zinaiga gemu zetu kila wiki na sisi hatukuwa na wanasheria, na kwa sababu walisema tusiposaini watatengeneza duara lao wenyewe. Niliogopa. Halafu mwaka jana mwishoni, Taa Kubwa nayo ilinunuliwa na kampuni ya Ulaya inayoitwa Orbelin. Nilijua siku moja na watu wa magazeti. Orbelin wana gemu mia tatu. Sisi tumo kwenye orodha yao, ukurasa wa tatu.

Kile kiboksi ni chao. Nilibishana nao kwenye kompyuta saa mbili nzima. Kijana mmoja, mpole kabisa, alinionyesha mchoro: watu wanapofika kwenye jozi ya mwisho wanachoka, wanaifunga simu. Akasema, "Tunawasaidia wasichoke." Nikamwambia kuchoka huko ndiyo gemu yenyewe. Akaandika neno langu mahali, akanishukuru. Luka aliacha kazi wiki hiyo. Mimi wamenipa cheo cha balozi wa gemu. Similiki kitu tena. Nina kitambulisho cha kufungulia mlango.

Ndiyo maana sikujibu. Nilikuahidi kukutoa, na funguo za kukutolea nilikuwa nimeshazigawa.

Lakini sikukaa bure. Nimepigania jambo moja na hili wamelikubali. Nimewaambia kuna watu halisi Geita, wanashuka peku, na gemu yenu imetoka kwao. Wanatuma mabuti mazito ya mpira, ya njano, yenye soli ya kushika, jozi thelathini, na kofia ngumu. Mpiga picha atakuja nayo, msimkatalie. Angalau nikijua miguu yako haikanyagi magogo peku, nitalala. Hilo nimeliweza, kaka.

Mdogo wako,
Zipora

*

Kambini, Geita
20 Septemba 2022

Mdogo wangu Zipora,

Marahaba. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikachoka. Mtu akikuambia ukweli wote kwa pamoja, unabaki huna pa kumshikia. Tuyaache.

Mabuti yamefika. Wabeja, asante sana. Soli inashika timba kama mkono. Sijateleza hata mara moja, na vidole vilivyopasuka vimeanza kufunga. Mpiga picha alitupanga mbele ya duara, akatuambia tucheke. Mwita alicheka kabla hajaambiwa. Yeye anayavaa mchana kutwa, hata akila hayavui, anakwenda nayo kanisani. Mama Loveness alimwambia, "Mwita, utazikwa nayo hayo." Akajibu, "Nani wa kuyavua? Tarime nitaingia nayo, mke wangu afungue mlango aone mzungu." Ndiyo kambi ilivyo sasa, sote tunatoka vibandani tumeshavaa na tunashuka moja kwa moja.

Siku ya kwanza Deusdedit alikuja kwenye winchi, akatazama udongo mtupu pale mdomoni. "Leo hakuna kazi?" akauliza. Na sisi tumeshashuka saba! Tulicheka mpaka shimo likaitikia. Akatuomba tuwe tunaleta malapa mkononi tuyapange tu. Tulifanya siku nne, tano. Halafu mmoja akasahau, mwingine akaona kazi bure kubeba malapa asiyoyavaa. Alipewa ubao na chaki awe anaandika majina. Kuandika anajua, lakini mvua inafuta, na anasema majina hayamwambii kitu, jina halimsubiri mtu.

Ni jambo dogo, tutalizoea. Nakuambia kwa kuwa wewe unapenda vitu vidogo vya hivi.

Masalu

*

Kambarage, Shinyanga
14 Desemba 2022

Kaka,

Redioni wamesema maji yameingia kwenye duara Geita, na mtu mmoja hajaonekana. Hawakutaja kambi wala jina. Nimepiga namba ya Mama Loveness, haipatikani. Nimepiga ya Suzana, haipatikani. Bartholomeo amesema barabara imekatika, barua hii ataipitisha atakavyoweza.

Ofisi imefungwa tangu mwezi uliopita. Orbelin wameunganisha gemu zetu na za nchi nyingine. Ile ya vijana wa Kahama wameifuta kabisa, na vijana wenyewe hawaruhusiwi kuitoa tena popote. Jina la Igembe limebanduliwa mlangoni, imebaki gundi. Duara wameliacha. Kuna toleo jipya, jana nilifungua. Wachimbaji wote wamevaa mabuti ya njano. Malapa hayamo. Nilitafuta mpaka mwisho, hayamo.

Halafu nikasoma tena barua yako ya Septemba.

Kaka, andika neno moja tu. Hata jina lako tu.

Zipora

*

Kambini, Geita
6 Januari 2023

Mayu,

Barua hii nimekuandikia wewe, ingawa najua atakayekusomea ni Zipora. Nina sababu. Kuna karatasi niliweka sahihi, inasema barua nitakazomwandikia Zipora ni za kampuni. Haikusema mayu. Kwa hiyo keti vizuri, na yeye akusomee polepole, na hii ikiisha ibaki ndani ya nyumba yako.

Mimi ni mzima. Hilo kwanza.

Tarehe tisa Desemba, adhuhuri, mvua ilikuja ghafla kutoka upande wa kilima, maji yakaanza kuvuka mdomo wa duara. Deusdedit aligonga bati. Tulipanda tunasukumana. Tulipofika juu kila mtu alikimbilia wake, wengine jikoni, wengine kwenye mifuko ya mawe isisombwe. Mimi nilisimama pale na Deusdedit. Chaki ya ubaoni ilikuwa imeshakuwa maziwa. Akafanya alichofanya miaka tisa, akatazama chini ya miguu yake. Mdomo wa duara ulikuwa mtupu. Akaniambia, "Wameisha wote." Na mimi, mayu, nilitazama udongo uleule, nikasema, "Wameisha." Tukafunga winchi.

Jikoni Mama Loveness alipakua. Sahani moja ikabaki. Akaita, "Mwita! Leo umeshiba mabuti?" Watu wakacheka. Akaita tena. Nilimtazama Deusdedit na yeye akanitazama, na tukaanza kukimbia kabla hajaita mara ya tatu.

Maji yalikuwa yamefika timba la nne kutoka juu.

Huyo anayekusomea, kama amesimama hapa, mpe maji. Mwambie aendelee.

Pampu zilifanya kazi siku sita. Mwenye duara alitaka tufungue lingine pembeni, tusipoteze msimu. Hakuna aliyekwenda. Siku ya kwanza Deusdedit aliingia kibandani kwa Mwita akatoka na malapa yake, yale mekundu yaliyolika kisigino. Akayapanga mdomoni, visigino vinatazama shimo, vidole vinatazama kambi. Akakaa. Tulimpelekea chakula palepale. Afisa mmoja alikuja kuandika, akamwambia mzee ondoka hapa ni hatari. Deusdedit akamwonyesha malapa kwa kidole. Afisa hakuelewa. Sisi tulielewa, na jioni hiyo wote tulileta ya kwetu tukayapanga karibu na yale, yasikae peke yake.

Siku ya sita tulimpata kwenye kona ya mwamba. Alikuwa na buti moja. Jingine halikuonekana.

Kaka yake, Wiliam, alikuja na gari kutoka Tarime. Ni mtu mnene, hasemi sana. Aliuliza vitu vya marehemu. Deusdedit alisimama, akamwonyesha malapa. Hakuna aliyemweleza lolote. Wiliam alivua viatu vyake vya ngozi, akavishika mkononi, akaingiza miguu kwenye malapa ya mdogo wake. Yalikuwa madogo, visigino vinagusa chini. Akatembea nayo mpaka kwenye gari. Deusdedit alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akaondoka pale mdomoni. Siku ile ya tarehe tisa kwetu iliisha hapo.

Sasa nasema na wewe, mayu, na mwingine asikie. Mabuti yaliombwa na mtu aliyetaka nisichubuke. Alifanya alichoweza kwa kile kidogo alichoachiwa. Lakini miguuni niliyatia mimi. Malapa kubeba mkononi nilichoka mimi, siku ya tano, nikaandika kwamba ni jambo dogo. Na neno "wameisha" nililisema kwa mdomo wangu. Wale wenye gemu mia tatu hawajui kwamba Mwita alikuwepo. Siwezi kuwagawia kitu wasichokijua. Kwa hiyo mzigo huu tunaubeba sisi watatu, Deusdedit, mimi, na huyo anayesoma. Mwambie asijaribu kuubeba peke yake, ataanguka nao.

Aliniahidi kunitoa duarani. Mwambie ahadi nimemrudishia, sasa hanidai wala simdai. Na kifua nilikudanganya. Hakijapona, hakikupona mwaka wowote.

Leo asubuhi nilikwenda duarani sikushuka. Wenzangu walishuka, peku. Mabuti tumeyapanga nyuma ya jiko, Mama Loveness amepanda bizari ndani yake. Malapa yangu sikuyachukua, yalikuwa mdomoni tangu siku ile ya Mwita, yamejaa udongo. Deusdedit alikuwa kwenye winchi. Nikayapigapiga, nikayavaa, la bluu kulia, la kijani kushoto. Alinitazama nikipita safu yote. Alinyoosha kidole kuelekea miguu yangu, akakikunja, kama anavyofanya akipunguza mmoja kwenye hesabu yake.

Jumanne napanda lori la Bartholomeo mpaka Ushirombo, kutoka hapo nitajua. Zipora asije kunipokea stendi. Akae mlangoni kwako, atazame barabara. Nataka anione nikija kwa miguu yangu, na atazame nimevaa nini.

Mwanao,
Masalu